Apolonia wa Kinyerezi na Punje ya Rozari Iliyopotea

Alizaliwa mwaka 1951, msimu wa senene, katika kijiji jirani na Kamachumu mkoani Kagera, akabatizwa Apolonia kwa jina la bibi yake. Wazazi wake walikuwa watu wa migomba na kahawa, na kwao mtoto aliyeamka asifagie uani hakupewa chai. Alisomea ualimu, akafundisha shule za msingi katika mikoa kadhaa, akaolewa na Revelian, karani wa reli, na Mungu akawajalia mtoto mmoja, Projestus. Tusimpambe kupita kiasi. Wanafunzi wake wanamkumbuka kwa fimbo na kwa jicho, na mwenyewe alikiri uzeeni kwamba hasira zake zilikuwa za karibu. Mungu hafinyangi watu wake kwa udongo wa kuagiza nje. Huutumia huuhuu wetu.

Alipostaafu mwaka 2009 walihamia Kinyerezi, kwenye nyumba waliyoijenga kidogo kidogo juu ya kilima kinachotazama nguzo kubwa za umeme. Miaka minne baadaye Revelian alifariki. Apolonia akabaki na presha, na daktari akamwambia vidonge peke yake havitoshi, sharti atembee kila siku. Alitii. Kila alfajiri alishuka kilima kuelekea Segerea akisali rozari, macho mbele, na kati ya Salamu Maria moja na nyingine aliwalaumu moyoni majirani zake kwa uchafu wao.

Wito ulimjia asubuhi moja ya mwaka 2015, uzi wa rozari ulipokatika kando ya mtaro. Punje zilitawanyika katikati ya chupa za maji, maganda ya miwa na pampasi. Rozari ile alipewa na mama yake siku ya Komunyo ya Kwanza, hakuweza kuiacha. Akapiga magoti, akawa anaondoa takataka moja moja na kuziweka pembeni ili aone chini, na akazipata punje zote isipokuwa moja. Alipoinuka aliona kwamba pale alipokuwa akitafuta pamesafika, kipande cha ardhi kama mkeka, na kwamba muda wote ule hakuwa amemlaumu mtu. Kesho yake alirudi na kiroba kitupu cha unga, akaendelea kuokota. Aliyemuuliza anafanya nini alijibiwa, kwa utani wake mkavu, kwamba anaitafuta punje yake.

Lakini wengi huku kwetu wanaamini kwamba nywele na nguo ya mtoto havitupwi ovyo, maana mwenye nia mbaya akivipata amepata pa kukushikia. Apolonia hakulifikiria hilo. Alikuwa mwalimu, na kwake taka ni taka. Aliokota kila kitu kabla hakujapambazuka vizuri, hata nywele na vipande vya rasta vilivyofagiwa nje ya saluni ya Loveness, mwenzake katika jumuiya ya sala ya Wakatoliki wa mtaani, akavitia kirobani. Mwaka 2018 mtoto wa Loveness, angali ananyonya, alishikwa na degedege. Hospitali walimtibu malaria, akapona. Maneno hayakupona. Yalisemwa bombani na saluni, kwamba bibi wa kiroba anakusanya nywele za watu.

Yeye aliyajua siku ya Jumamosi ambayo sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumbani kwake. Alitandika mikeka, akapanga viti, akachemsha chai ya tangawizi, akangoja. Jua likapanda. Hakuna aliyebisha hodi isipokuwa Mwanaasha, Mzaramo na Mwislamu, mwenye genge la vitunguu na nyanya upande wa pili wa njia, ambaye alikuwa ameviona viti vitupu kupitia getini. Aliingia, akavua kandambili, akaketi.

"Mie sala zenu sizijui, Mama Projestus," alisema, "ila kukaa najua."

Ndipo akamweleza yote. Apolonia alilia, kisha, kwa kuwa alikuwa Apolonia, alikasirika. Alikwenda kwa Padre Kamugisha, paroko wake, ambaye kwa kuogopa vurugu alimshauri apumzike na matembezi mpaka maneno yapoe. Akatii, akakaa ndani, na ilimuuma sana. Alimwambia mwanawe kwa simu kwamba kifo hakimtishi. Alichokiogopa ni kufa hali majirani wanamwita mchawi, azikwe na watu wasiotaka kumgusa.

Baada ya siku kadhaa Mwanaasha alimletea mfuko wa vitunguu, ule wa wavu. "Kiroba chako hakionyeshi ndani, ndo ishu," alimwambia. "Beba huu, utoke jua limeshawaka, watu waone. Na cha mlangoni pa mtu, piga hodi kwanza." Padre alipousikia mpango huo alicheka, akaubariki. Tangu hapo Apolonia hakuokota kitu mbele ya nyumba ya mtu bila kumwomba mwenyewe. Wengine walizipokea taka zao kwa aibu, wengine walimfungia mlango. Aliyezoea kuamuru darasa zima sasa aliomba ruhusa ya kuokota ganda la ndizi, na waliomfahamu wanasema hapo ndipo alipofinyangwa hasa.

Alifika hata saluni kwa Loveness.

"Hodi, mwanangu. Nywele hizi zipo nje kwako. Nizichukue, au nikuachie mwenyewe?"

Loveness alisema aachiwe. Alitoka na ufagio, akazizoa huku akijitenga ili nguo zao zisigusane. Apolonia aliliona hilo, akaaga kwa upole. Alirudi kesho yake, na siku zilizofuata, kwa maneno yaleyale. Hata asubuhi moja akakuta mbele ya saluni pamefagiwa, na Loveness amesimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mama. Leo hapa kwangu huna cha kuokota."

"Marahaba. Basi nimekuja kukusalimu tu."

Zamu yake ya jumuiya ilipozunguka tena, alitandika mkeka mmoja, asijipe matumaini. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Loveness. Nyuma yake walikuja wengine, wakiburuta miguu. Loveness hakuomba msamaha kwa maneno. Alimfungua mtoto mgongoni na mbele ya wote akampakatisha Apolonia. Mtoto akaikamata rozari, akaitia mdomoni. Mwenyekiti wa jumuiya alianzisha wimbo, akauanza juu mno, na Mwanaasha aliyekuwa akichungulia getini akamwambia aanze upya.

Apolonia alifariki usingizini mwezi Februari 2023. Majirani waliomba jeneza libebwe mabegani hadi kanisani, kwa njia yake ya kila siku. Padre Kamugisha alingoja mlangoni na mavazi ya misa, saa ikapita, jua likawa kali. Walipotokea, mikono yao ilikuwa imejaa chupa na mifuko. Njiani Loveness alikuwa ameinama akaokota kopo, aliyemfuata naye akainama, na msafara mzima ukawa unainama na kuinuka nyuma ya jeneza. Padre aliuliza wamekwama wapi.

"Utusamehe, Baba," Loveness alisema. "Tulikuwa tunaitafuta punje ya mama."

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatulitangulii. Maajabu yake ni haya tu tuliyoyasimulia, pamoja na mtaro wa kilimani ambao siku hizi unapitisha maji, na Wakristo na Waislamu wanaotoka Jumamosi na mifuko ya vitunguu. Anayetaka kumfuata hana haja ya kwenda mbali. Aanze na kilicho mguuni pake, asiulize nani amekitupa, na kikiwa mlangoni pa mtu, apige hodi.