Robo ya Alama

Jepkosgei alikuja kupanga nami Langley Park, huku Marekani, mwanzoni mwa 1997, na hadi Krismasi nilikuwa nimeshamchukia kimoyomoyo. Si kwamba alikuwa mvivu au mchafu, wala hakunisengenya. Kosa lake lilikuwa moja tu: alikuwa anasoma chuo bila kukaa darasani.

Sote wawili tulikuwa tunatunza wazee majumbani kule Adelphi, na sote tulitaka uuguzi. Mimi nilifuata njia ya jasho: jioni mbili kwa wiki, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, muhula mzima, ndipo napewa krediti tatu za chuo. Huyu binti wa Kinandi aliazima kitabu maktaba, akawa anakisoma wakati mzee wake amesinzia, kisha Jumamosi moja akaenda kufanya mtihani wa dakika tisini, wanauita CLEP. Baada ya wiki chache barua ikaja: saikolojia, krediti tatu. Ikafuata sosholojia. Ikafuata biolojia! Kanisani wakampigia makofi, na mama mmoja akanigeukia, "Flaviana, jifunze kwa mwenzako." Nilicheka naye, lakini roho iliniuma wiki nzima.

Shule ya uuguzi ikamwambia imebaki historia ya Marekani tu. Akifaulu, anaanza Septemba. Mimi nilikuwa sijafika hata nusu.

Siku moja kabla ya mtihani alinikuta jikoni namenya ndizi.

"Dada Flavi, zile mtihani zingine nilijua karibu zote, lakini hii ya historia ni ngumu. Hii kitabu inasema ukikosa swali wanakukata robo ya alama. So nikiwa siko sure, niache blank?"

Jibu nilikuwa nalo. Wiki ile ile mwalimu wangu alituambia kuhusu mitihani ya namna hiyo: usichokijua kabisa kiache wazi, maana kosa linakula alama ulizokwisha kupata.

"Wanawatisha tu," nikasema. "Kwani kwenu mlifundishwa kuacha swali?"

"Wapi! Mwalimu Simiyu angetuchapa. Yeye alikuwa anataka tujaze hata kama ni uongo."

"Basi jaza yote, mdogo wangu."

Akajaza yote. Barua ilipofika ilisema arobaini na saba, na shule ilitaka hamsini. Kurudia mtihani ule ni mpaka miezi sita ipite, kwa hiyo Septemba yake ikaota mbawa. Alilia mezani. Nikampikia chai, nikampapasa mgongo, na nasema ukweli, nilijisikia vizuri sana.

"Usijilaumu, dada," akaniambia, wakati mimi sikuwa nimejilaumu hata kidogo. "Ni mimi sikusoma vizuri."

Hakukaa kungoja miezi sita. Akajiandikisha historia ya Marekani darasa la jioni, na darasa lenyewe ndilo nililokuwa nimejiandikisha mimi. Tukawa tunapanda mabasi yale yale mawili, naye akitangulia ananishikia kiti.

Baada ya mwezi mmoja wa masomo mwalimu akaturudishia mitihani. Mimi nilipata sabini na moja. Nikachungulia ya Jepkosgei: tisini na sita. Aliponiona, akaifunika upesi kwa daftari, kisha akaniuliza kwa upole kama ningependa tuwe tunasoma pamoja.

Hapo ndipo nilipomchukia kuliko siku zote.