Sort yangu ilivyomfuta Kapteni kwenye orodha ya nyumba: kwa nini naheshimu generics

Wakuu, za humu ndani? Naona vijana mnabishana kwamba generics ni mbwembwe. Ngoja niwasimulie yaliyonikuta Kampala miaka ya sabini, enzi za utawala wa kijeshi. Siongezi chumvi, miaka ile ilikuja na chumvi yake.

Nilikuwa programmer kwenye ofisi moja ya serikali. Kompyuta moja, kubwa kama chumba cha kulala, inalishwa kadi za kutoboa. Lugha yetu ya programu ilidai kila kitu kitajwe aina. Sort, yaani programu ya kupanga orodha, ikiwa ya namba haigusi majina.

Basi nikafanya copy-paste, kadi kwa kadi. Sort ya namba za magari, sort ya dawa, sort ya majina. Nikajiona fundi.

Siku moja nikagundua sort ya namba inameza kitu cha mwisho kwenye orodha. Nikairekebisha. Zile nyingine nikazisahau, akili zilikuwa nyingi mno.

Wiki iliyofuata tukachapa orodha ya maofisa wa jeshi wa kupewa nyumba kule Mbuya. Wa mwisho kwa alfabeti alikuwa Kapteni Zubeiri.

Alikuwa.

Enzi zile jina lako likitoweka kwenye orodha, ulijua nawe unafuata kutoweka; hukuuliza fomu ya malalamiko iko wapi. Kapteni alikuja na bastola, akaiweka juu ya kadi zangu.

"Jina yangu iko wapi? Nani alituma wewe kutoa mimi?"

Nami, kwa busara zangu, nikaanza kumfundisha jinsi loop inavyoruka kitu cha mwisho.

Aliyeniokoa ni Mama Adong, mtoboa kadi wetu, mke wa sajini. Akamwambia taratibu, "Afande, mtu akitakiwa anafuatwa na gari. Hawatumi karatasi."

Kapteni akafikiri, akaketi. Akanipa mpaka saa sita mchana.

Nikarekebisha sort ya majina. Jina likachapwa, akakunja karatasi, akaondoka. Nikafungua sort ya dawa: bug ile ile, imetulia.

Nikatupa kadi zote. Nikaandika sort moja, pale pa aina nikaacha alama tu. Programu ndogo ikawa inajaza "namba" au "jina" kabla compiler, ile programu ya kutafsiri code, haijaikagua. Kosa moja, marekebisho mahali pamoja.

Hiyo ndiyo generics yenu, ila nyie compiler inawajazia yenyewe.

Mama Adong aliomba uhamisho. Alisema kuokoa programmer mmoja kwa mwaka kunamtosha.

Somo: code ikitofautiana aina tu, iandike mara moja. Wenye copy tano za function moja, jitetezeni hapa chini. Miwani ninayo, nasoma zote.