Nilimkata Bawa Korongo wa Kwetu

Nilikosa, na sijaja hapa kutafuta huruma. Mimi mwenyewe sijihurumii. Nataka tu kumwaga haya yaliyonijaa kifuani, kisha unicheke ukitaka. Nastahili!

Nilikuwa mtunza bustani huko Lavington. Nina miaka arobaini na watoto watatu, lakini ndani ya ule ukuta niliitwa shamba boi. Kila asubuhi nilitoka Riruta kwa miguu kwenda kufyeka nyasi za watu wasiozikanyaga.

Madam wangu alikuwa mpenda wanyama, eti! Gari lake lilikuwa na stika ya kifaru. Kila mwezi alienda mbugani na darubini shingoni, na akirudi ananionyesha simba kwenye simu kana kwamba amewazaa yeye. Alikuwa na kamati yake pia. Walikutana hotelini Westlands, wakala keki, wakawalilia wanyama wanaoisha.

Siku moja nikimwagilia maua, akaniambia, "Hii lawn inakaa empty sana. Rafiki yangu ako na wale ndege wa crown, wanatembea tu kwa compound. Wako smart!"

Mdomo wangu huu! Ningenyamaza ningekufa? Nikajibu, "Hao, madam? Kwetu ni kama kuku."

Ulikuwa uongo. Zamani, nilipokuwa mdogo, korongo taji walijaa kwenye kinamasi kilicho nyuma ya nyumba ya mama, kule magharibi. Sasa walibaki dume mmoja na jike wake, na mama aliwajua kama majirani. Wakilia alfajiri, naye anatoa jembe. Lakini mimi nilitaka kuonekana mtu mbele ya mwanamke asiyejua hata jina langu la pili.

Mwezi uliofuata nilienda nyumbani kumzika mjomba. Kwetu mtu harudi kwa mkubwa wake mikono mitupu, anambebea kuku. Wenye akili hubeba kuku. Mimi fala niliingia kinamasini.

Vifaranga walikuwa wawili, wamelala kimya kwenye nyasi. Mama yao aliponiona alianza kuburuta bawa chini, akajifanya amevunjika, ili nimfuate yeye niwaache watoto wake. Nilimcheka! Nikawatia wale wadogo kwenye katoni niliyoitoboa matundu, nikafunika kwa majani ya kunde, nikapanda basi.

Madam alifurahi hadi akanipa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Walipokua kidogo akasema, "Hakikisha hawataruka, sawa? Na si manyoya tu, hizo humea tena."

Nikachukua mkasi wa maua nikakata ncha ya bawa la kila mmoja, mfupa na yote. Mmoja alivimba, na baada ya wiki akafa. Nilimzika nyuma ya mapipa ya taka. Madam akauliza kama naweza kuleta mwingine.

Kisha kamati ikaja kula chakula cha mchana bustanini. Wakajipiga picha na yule aliyebaki, huku wakijadili namna ya kuokoa wanyama walio hatarini! Mmoja akaitupa picha mtandaoni. Siku chache baadaye, maafisa wa wanyamapori walikuwa getini.

Madam aliweka mkono kifuani. "Mimi napenda animals, uliza mtu yeyote. Ni shamba boi alimleta."

Wakili wake alifika kabla chai haijapoa. Mimi nilipelekwa seli na gambuti zangu miguuni. Na kinachonichoma ni kwamba madam hakudanganya. Nilimleta mimi!

Nilitoka kwa dhamana. Kazi sina, kesi bado iko. Hayo nayavumilia. Siku moja nilimuuliza afisa kama ndege atarudishwa mbugani, akaishi na wenzake.

"Mzee, atarudi aje na bawa moja?" akaniambia. "Huko ataliwa siku ya kwanza."

Wamemweka ndani ya uzio. Nilienda kumwona. Upepo ukivuma anakimbia, anafungua mabawa, anainuka upande mmoja, anaanguka. Anasimama, anaanza tena. Nililia mbele za watu, mtu mzima mimi.

Mama alinipigia simu mvua zilipoanza. "Baba, wale korongo wawili walizunguka hapa wakiita mpaka wakachoka. Wameenda. Ulipeleka wapi watoto wa watu?"

Tangu siku hiyo ananisalimia tu, kisha anampa dada yangu simu.

Sasa wewe ndugu yangu, unayemkatia tajiri ua ama kumuoshea gari, nisikilize. Siku akikuuliza kama kwenu kuna ndege wa namna hii, usijitie ukubwa kama mimi. Mwambie waliisha zamani. Wewe utakuwa umedanganya. Mimi nikisema kwetu wameisha, nasema kweli.