Beberu Wangu kwa Utafiti wa Uvimbe

Wanafunzi wa chuo hapa Lodwar walifanya harambee ya utafiti wa ugonjwa wa uvimbe wa tumbo, ule tunaoambukizwa na mbwa. Kwetu Waturkana mbwa ni yaya; mtoto akijichafua, humlamba akawa safi. Hata mimi nililambwa, na sina kitu. Ugonjwa ukamchagua mke wangu. Alishapasuliwa mara mbili, uvimbe ukarudi, daktari akasema kisu basi.

Kwa hiyo niliposikia utafiti nilifurahi. Nikachukua beberu wangu mweupe, yule korofi aliyekula shuka ya padri kule Lorugum, nikampakia mama watoto kwenye pikipiki, tukaenda. Beberu akapigwa mnada. Aliyemnunua akamrudisha auzwe tena, watu wakapiga vigelegele. Mke wangu nilimketisha kiti cha mbele, kusudi dawa ikitoka aanze yeye.

Nikamwita msichana mwenye kipaza sauti, nikamsalimu kwa Kiturkana. "Ejok, binti yangu. Dawa mnagawa saa ngapi?"

Akainama. "Mzee, leo tunachanga tu. Dawa bado itatafutwa. Itachukua miaka."

"Mingapi?"

"Sijui, baba. Pengine wajukuu wako ndio wataipata."

Mke wangu akacheka mpaka akashika tumbo. "Basi wakiipata, waje wainyunyize kaburini kwangu."

Nikamwinua, tukatafuta pikipiki ya kurudi. Tangu hapo haulizi habari za dawa. Hata wageni wakimsimulia juu ya daktari mpya wa Kakuma, yeye huwamiminia chai tu.