Suruali Nyeupe katika Shamba la Ngano

Kwa miaka thelathini na moja kazi ya Tove Skjødt, hapa kwetu Lolland, kisiwa cha Denmark, ilikuwa kutazama ngano ikiugua. Unasimama ukingoni mwa kipande cha majaribio kisichopigwa dawa, unakadiria ni asilimia ngapi ya majani imeliwa na kutu ya njano, ukungu unaoacha vumbi la manjano, unaandika namba, unasonga mbele. Kipande hakikanyagwi. Ni kazi isiyo na hatari ya kumpatia mtu nishani.

Ngano iitwayo Havgus aliipa sifuri miaka tisa mfululizo. Ugonjwa uliijaribu ukashindwa. Kwa kuziamini sifuri hizo, mdogo wake, Ejnar, aliipanda shamba zima na wala hakununua dawa.

Mwezi wa Mei, kando ya kipande cha Havgus, Tove aliinama kufunga kamba za buti, akayaona majani ya chini, akaandika kumi.

Msimamizi wake, Malthe, alimwita ofisini kwa upole unaotunziwa wagonjwa. Alimkumbusha kwamba ana mtoto wa jicho, na mwenye mtoto wa jicho huona kila kitu kina unjano. Tove alikuwa na habari hizo. Ejnar naye, alipoambiwa apige dawa haraka kabla shamba halijateketea, alicheka.

"Dada, hata mapazia yako unayaona ya njano. Sasa nitibu ngano kwa sababu ya mapazia?"

Siku ya tatu ilikuwa zamu ya kulinganisha macho: wakadiriaji wote hutazama kipande kimoja, kila mmoja akificha karatasi yake kama yuko kwenye mtihani. Kipande kilikuwa cha Havgus. Saba, Malthe akiwemo, waliandika sifuri. Tove alikuja amevaa suruali nyeupe aliyoitumia kupaka rangi banda la kuku. Aliandika kumi, kisha akaingia ndani ya kipande. Mtu mmoja alikohoa. Kwetu hiyo ni ghasia. Alitambaa kwa magoti hatua nne, akatoka na vumbi la manjano kuanzia magotini hadi kwenye buti.

"Na suruali nayo ina mtoto wa jicho?" alimwuliza Malthe.

Malthe aliomba kifutio.

Jioni Ejnar alikuja, akaitazama suruali ikining'inia kambani bila kufuliwa.

"Umefurahi?"

"Hapana. Piga dawa kesho asubuhi, upepo ukitulia."

Alipiga. Theluthi ya shamba ilikuwa imeshakwenda, iliyobaki ilivunwa.

Oktoba Tove alifanyiwa upasuaji wa jicho. Mapazia, alikiri, ni meupe.