Jiwe la Upenuni

Jiwe la mama nililiiba mimi. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu dada zangu wamezoea kuniita mtoto mwema, yule aliyemuuguza mama mpaka mwisho, nami nimechoka kuitikia.

Kijiji chetu hakina mtu tangu nilipokuwa na miaka mitano. Kilikuwa magharibi ya Tabora, kwenye njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Babu wa babu yangu alipita hapo na pembe ya tembo begani, akarudi kutoka pwani na shuka mbili na kikohozi kisichopona, akajenga karibu na kisima walichokunywa wapagazi. Hayo ndiyo majivuno ya ukoo wetu, kwamba hakuna mzigo uliotushinda. Baba alinikaripia kwa maneno hayohayo kila nilipolalamikia ndoo ya maji.

Kisha ukaja mwaka wa kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Lori lilifika asubuhi, watu wakapakia vyungu, kuku, mikeka, hata milango, na nyuma yetu mapaa yakatiwa moto ili mtu asipate pa kurudi. Aibu yangu ya kwanza katika habari hii ni kwamba nilifurahi. Sikuwahi kupanda lori, basi nilicheka njia nzima. Mama alikaa juu ya gunia la mtama, mgongo ameuelekeza tuendako, macho tutokako. Sikujua kwamba siku nane kabla alikuwa amezika mtoto.

Kwetu zamani kichanga hakikuwa na matanga. Wanawake wazee walikizika upenuni, chini ya ukingo wa paa, bila mwanamume hata mmoja, na baada ya hapo hakikutajwa tena. Walisema ukimlilia huyo unamfungia mlango mtoto anayekuja. Mama hakulia. Aliburuta jiwe lake la kusagia, lile kubwa la chini, akalifunika kifudifudi juu ya kaburi dogo. Wanawake wengine waliacha mawe yao siku ile kwa kuwa lorini hapakuwa na nafasi. Yeye peke yake aliliacha la kwake kwa kusudi.

Hayo yote sikuyajua nilipokuwa kijana nalima tumbaku Usoke. Mkulima wa tumbaku lazima awe na bani, yaani nyumba ya kukaushia majani, na bani lazima liwe na tanuri linalowaka usiku na mchana. Moto ule hupasua mawe. Lakini kila mkulima wa kwetu anajua pa kupata jiwe linalostahimili: mahameni, kwenye vijiji vilivyohamwa, ambako mawe ya kusagia yamelala bure majanini. Nikafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, nikaenda kwenye mahame yetu wenyewe, nikijiona mwerevu sana kwa kuwa siibi cha mtu. Nilisomba mawe ya kaya zote, bila kuangalia lipi limetoka mlango gani. Niliyajenga tanurini, yakastahimili misimu kadhaa, yakamong'onyoka kama mengine, nikayatupa.

Miaka thelathini ikapita. Mama alilazwa hospitali ya Kitete, macho yake yameshafifia, mwili umebaki mifupa na ukaidi. Alasiri moja, nikiwa nampoozea uji, akanishika mkono.

"Baba," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita siku zote, "kuna mdogo wako nilimwacha."

Akanisimulia upenu, wanawake wazee na jiwe. Alisimulia taratibu, bila chozi, kana kwamba bado anaogopa kumfungia mtu mlango.

"Nimebeba kila kitu katika maisha haya. Huyo tu sikumbeba. Nipeleke nikalishike jiwe lake."

Palepale ndipo pa kusema. Nilifungua kinywa, nikasikia kinasema, "Nitakupeleka, mama."

Nilitangulia mahameni peke yangu kwa pikipiki. Miti ya miyombo imerudi mahali pake, minyaa ya uzio imekuwa miti mirefu, na nyumba zote zimeyeyuka zikawa udongo uleule zilikotoka. Nilizunguka tangu asubuhi mpaka jua likapinda, nikipiga magoti, nikipapasa kwa panga, nikijitukana kwa sauti. Sikupata hata dalili ya mlango wetu. Siku ya pili nilikwenda Kigwa, kwa mwanamke mmoja aliyefanya jiwe la kusagia la marehemu bibi yake kuwa kikanyagio cha mlango. Alinipa huku akinishangaa. Nikalipeleka mahameni, nikalilaza chini ya minyaa, mahali nilipokisia.

Mama alipopata nafuu kidogo nilikodi gari. Njia iliisha kabla ya safari kuisha, nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kiasi cha kutia hasira. Nilimketisha chini, nikauchukua mkono wake nikauweka juu ya jiwe. Vidole vikatembea, vikaingia kwenye bonde lililochimbwa na miaka ya kusaga, vikasimama.

"Nililifunika," akasema.

Mjinga mimi. Nilikuwa nimeliweka uso juu, kama linavyowekwa jiwe la kazi.

"Ni ng'ombe, mama. Wafugaji hupitisha ng'ombe huku."

"Ng'ombe," alirudia. Akalipapasa jiwe ukingo wote. Kisha akasema, "Basi lifunike, baba. Jua linampiga."

Nikaligeuza. Akainama akalala juu yake kifua chote, akasema kwa Kinyamwezi cha kwao, "Mwana wane," mwanangu, na mengine ambayo sikuyasikia vizuri kwa sababu nilikuwa nalia. Sikulia kiume. Nililia kwa kelele, na yeye, akidhani namlilia mdogo wangu, akanivuta kichwa akanipapasa, akaniambia, "Nyamaza, amesikia kwamba tumekuja." Sijapata kujichukia hivyo, wala sidhani kama kuna siku nitakayojichukia zaidi.

Tulipokuwa tunaondoka akanibana bega. "Mtanilaza hapa. Pembeni yake, upande huu wa kushoto. Sitaki makaburini kwa watu. Niahidi."

Nikaahidi. Ukishaanza kuongopa, kila ahadi ni rahisi.

Alifariki mwezi uliofuata. Kikao cha familia kilikuwa kikali. Dada yangu mkubwa alitaka azikwe mjini, karibu na kanisa letu, ambako wajukuu wangeweza kupalilia kaburi.

"Kaka, mama yetu tukamtupe porini? Hata jeneza litafikaje?"

"Aliomba mwenyewe," nilisema.

"Aliomba akiwa mgonjwa."

"Aliomba kulala na mtoto wake, dada."

Akaanza kulia. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na mama angezikwa mjini, kwenye kivuli, pembeni ya shangazi zake na waimbaji wenzake wa kwaya. Nililiona neno lile, nikaligeuza mdomoni, nikalimeza. Niliogopa nyuso zao. Nilijiambia naheshimu ahadi, na walionisikiliza walinipa pole kwa uaminifu wangu.

Wanaume wa ukoo walitangulia kwenda kuchimba, nami nikaenda nao ingawa mfiwa huachwa akae. Tulianza upande wa kushoto wa jiwe kama alivyoagiza. Zamu yangu ilipofika sikutoka shimoni tena. Nilichimba kuelekea jiwe, nikachimba chini yake, nikatanua kulia, nikatanua kushoto, nikisaga kila bonge la udongo kiganjani. Nilikuwa namwomba Mungu kitu kidogo mno: kipande cha mfupa, kibanzi cha chungu, doa jeusi, chochote cha kuonyesha kwamba kisio langu halikumkosa.

"Kaka, unachimba kaburi au kisima?" binamu yangu aliuliza kutoka juu. Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha makaburini, kisha wakaona uso wangu wakaacha.

Ilibidi wanishike mikono kunitoa, kwa kuwa jeneza lilikuwa limeshafika, limebebwa mabegani kutoka kwenye gari, na mchungaji alikuwa anangoja. Udongo wote tulioutoa ulikuwa rundo jekundu, safi, mgumu, ambao haukuwahi kuguswa na jembe la mtu tangu dunia iumbwe. Dada yangu alisimama ukingoni akafuta machozi, akasema angalau sasa wako pamoja. Niliitikia amina. Tukamshusha mama humo, peke yake.