Siku Mama Sponji Alipoishika Bei Yake

Ukitaka kujua siri za ukoo wowote, usiwasumbue majirani. Fumua kochi lao. Mama Sponji amefumua makochi kwa miaka ishirini na sita, na ndani yake amekuta vijiko, vifungo, funguo za nyumba ambazo wenyewe walishahama, jino la mtoto, na mara moja matokeo ya mtihani yaliyokunjwa mara nane na kusukumwa chini kabisa ya springi. Hayo matokeo aliyarudisha palepale alipoyakuta, akashona kitambaa kipya juu yake.

"Mimi nimeletewa kochi," alisema. "Sikuletewa kesi."

Ufundi aliurithi kwa baba yake, aliyekuwa akishona viti vya mabasi. Karakana yake ni chumba kimoja, hatua saba kwa tano, chenye cherehani moja mlangoni ili ipate mwanga, marobota ya sponji yanayofika darini, na harufu ya gundi ambayo mgeni huikunjia pua na mwenyewe haisikii tena. Saa ya ukutani hana. Ana redio iliyofungwa kwa waya kwenye msumari, na kazi anaihesabu kwa taarifa za habari, zile fupi zinazosomwa kila saa.

"Kochi la watu watatu linakula taarifa kumi na nne," atakwambia. "Na moja ya michezo."

Kazi yenyewe haina doa. Pitisha kiganja juu ya mshono wake, hutajua kitambaa kimoja kimeishia wapi na kingine kimeanzia wapi. Mikono yake haikuwahi kumwangusha. Uliomwangusha ni mdomo.

Mteja akiuliza bei, Mama Sponji aliitaja huku akitazama sakafu, kisha akaanza kujipunguzia mwenyewe kabla mteja hajasema neno. "Elfu themanini. Lakini wewe si mgeni hapa, basi sabini na tano. Tena na hizi mvua, sabini." Mteja alikuja na tisini mfukoni, na akaondoka akijiuliza mvua zina undugu gani na kochi.

Aliyeyasikia haya kila siku ni mdogo wake, msusi, ambaye saluni yake imetenganishwa na karakana kwa ukuta wa mbao nyepesi tu. Msusi ana ubao wa bei mlangoni, umeandikwa kwa rangi nyekundu, na hajawahi kuufuta kwa ajili ya mtu.

"Dada," alikuwa akiita kutoka upande wa pili, mikono ikiwa kwenye kichwa cha mteja, "huyo hata hajaomba. Unapigana na nani humo ndani?"

"Uso umeumbwa na haya, mdogo wangu."

"Uso, ndiyo. Kodi ya chumba haina uso."

Watu wengi hudhani kazi ikiwa nyingi, pesa nazo ni nyingi. Mama Sponji naye alidhani hivyo. Miaka mitatu nyuma alipata viti sitini vya ukumbi wa mikutano, akafurahi, akavichukua kwa bei ya kutupa akijipa moyo kwamba wingi utafidia. Alishona miezi miwili na nusu. Alipomaliza ilimbidi auze cherehani ya pili ili amlipe mwenye duka la sponji. Kila kiti kilikuwa kimemla kidogo, na vyote sitini vilipokula pamoja, kilichobaki kilikuwa mifupa. Tangu hapo alikuwa anachechemea, kodi ikilipwa kwa kuomba radhi, na mwaka huu mwenye nyumba alimwambia wazi: mwezi mmoja mwingine wa namna hii, chumba anakichukua. Fundi mmoja mwenye duka kubwa alikuwa tayari ameshamwandalia kigoda cha kibarua. Miaka ishirini na sita, halafu urudi kushona chini ya mtu.

Ndipo msimamizi wa zahanati alipoingia, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, amebeba kiti kimoja cha mbao.

"Nina viti thelathini vya wagonjwa wanaosubiri," alisema. "Nataka kikalio na mgongo viwe laini, kitambaa kinachofutika. Kifanye hiki kimoja nikione. Ijumaa nakuja kusikia bei."

Mama Sponji akafungua mdomo. Kutoka ng'ambo ya ukuta kikasikika kikohozi kikavu cha msusi. Akaufunga.

Kile kiti alikishona peke yake, redio ikiwa wazi, na safari hii alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: kila taarifa ya habari iliposomwa, alichora mstari wa chaki kwenye mguu wa meza. Ilipofika mistari minne, kiti kilikuwa tayari. Msusi akaja, amechomeka kitana kichwani, akakikalia kama mtu anayekagua gari.

"Sponji, kitambaa, nyuzi, misumari?"

"Elfu ishirini na mbili."

"Na ungemtajia ngapi?"

Mama Sponji akakuna shingo. "Thelathini. Halafu... ningeishia ishirini na tano."

"Kwa hiyo elfu tatu kwa taarifa nne za habari. Dada, yule mama anayeniosheaga wateja nywele namlipa elfu mbili kwa saa moja, na povu ni langu. Wewe, mrithi wa baba, hujilipi hata elfu moja."

Hilo lilimchoma. Akapangusa vumbi ambalo halikuwepo. Kisha akachukua chaki, akaandika palepale mezani. Vifaa, ishirini na mbili. Mikono yake, elfu tatu kwa kila taarifa ya habari, kumi na mbili. Chumba, umeme na mkokoteni wa kubebea sponji, akagawanya kwa kila kiti, akapata tatu. Hapo akasita.

"Bado," msusi akasema. "Cherehani ikiharibika kesho, utaitengeneza kwa nini? Kwa kuomba radhi?"

Akaongeza elfu tatu za kesho. Arobaini.

Waliitazama ile namba kama mgeni aliyekuja bila taarifa.

"Haya, mimi ndiye msimamizi," msusi akasema, akashusha miwani ambayo hakuwa nayo. "Kiti kimoja bei gani?"

"Elfu arobaini."

"Ghali."

"Basi thelathini na sa—"

Kitana kikamgonga kiganjani. "Nimesema ghali. Sijasema punguza. Hata mvua nikiambiwa inanyesha nasema duh, na inaendelea kunyesha. Tena."

Walirudia mpaka wateja wa saluni nao wakajitolea kuwa wasimamizi wa zahanati. Mmoja, nywele nusu zimesukwa na nusu zimesimama wima, alilia machozi ya uongo. Mama Sponji alimpunguzia elfu mbili. Msusi akamwambia kwa hali hii Ijumaa itabidi amzibe mdomo kwa gundi.

Ijumaa ikafika, na msimamizi naye akafika. Akakikalia kiti, akaegemea, akabonyeza pembe kwa kidole gumba, akanusa kitambaa. Alipenda, hakuficha.

"Sasa, Mama Sponji. Bei?"

"Elfu arobaini kwa kiti." Aliisema akimwangalia machoni.

Msimamizi akanyamaza. Redio ikaimba tangazo la sabuni. Maneno yote ya zamani yakaanza kumpanda Mama Sponji kooni, we si mgeni, mvua hizi, tufanye thelathini, na alijua kabisa kwamba akipumua tu yatatoka. Akanyoosha mkono kwenye kopo, akachota misumari midogo, akaitia mdomoni. Mafundi makochi hufanya hivyo kazini: msumari unakaa kati ya midomo, unautoa mmoja mmoja kwa ulimi, nyundo inagonga. Akavuta kigoda cha mteja mwingine kilichokuwa mezani, akaanza kugonga. Ko. Ko. Ko. Mwenye misumari mdomoni hawezi kupunguza bei.

"Kuna fundi mwingine kanitajia thelathini," msimamizi akasema hatimaye.

Ko. Mama Sponji aligonga msumari wa mwisho, akajifuta midomo. Hesabu anaijua, ipo mezani, ameiandika mwenyewe.

"Inawezekana, mama. Bei ikishuka, na kazi ishuke. Sponji nyembamba siwezi kukuwekea, wagonjwa wako watakaa juu ya ubao kabla mwaka haujaisha na jina litakalotajwa ni langu. Lakini tunaweza kuacha migongo. Nipige vanishi, ibaki mbao, nilainishe kikalio tu." Akachukua chaki, akahesabu mbele yake, bila kuficha mkono. "Hivyo itakuwa ishirini na nane."

Msimamizi akavaa miwani, akainama juu ya meza. Akasoma mstari hadi mstari. "Hii tatu ya hapa chini ni ya nini?"

"Ya cherehani. Ikifa katikati ya kazi yako, niifufue."

Yule mwanamke akacheka kidogo, kwa pua. "Zahanati yangu ingekuwa na mstari huo, mashine ya kupimia damu isingelala miezi minne." Akafikiri. "Wazee na wajawazito hawawezi kuegemea mbao. Nifanyie kumi na viwili kamili. Kumi na vinane uache migongo."

"Na kianzio ni nusu ya pesa," Mama Sponji akasema. Hilo hawakulifanyia mazoezi. Lilitoka lenyewe.

"Jumatatu," msimamizi akajibu, na akaenda zake.

Kutoka ng'ambo ya ukuta ikaja sauti ya msusi: "Dada, mbona ulinyamaza vile? Nilidhani umezimia."

"Nilikuwa kazini," akajibu.

Kianzio kililetwa Jumatatu kweli. Kwa kuwa aliinunua sponji yote kwa mkupuo, mwenye duka alimshushia bei bila kubembelezwa, na viti vyote vilikwisha ndani ya wiki tatu. Kodi ya miezi sita ililipwa siku moja. Mwenye nyumba aliipokea kwa mikono miwili, akauliza kama paa linavuja mahali.

Wiki moja baada ya kuvipeleka viti, Mama Sponji alioga mapema, akavaa gauni lake la harusi za watu, akaenda zahanati. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mzee mmoja alikuwa ameegemea kiti cha safu ya mbele, amefumba macho, kofia magotini, amelala usingizi wa mtu aliye kwake. Mama Sponji akachagua kiti cha ukutani, akaketi, akaegemea taratibu.

Muuguzi akamfuata na daftari. "Unaumwa nini, mama?"

"Siumwi," akasema. "Nimekuja kukaa."